Ukuta Usio na Vigae

Mume wangu Honoré alikuwa mtu wa malengo. Kuna wanawake walioolewa na walevi na wengine na wachoyo. Mimi nilipata mtu wa malengo, na mlevi ana nafuu, maana mlevi hufika saa akalala. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa suivi-évaluation, kufuatilia na kupima miradi, katika ONG moja, shirika la misaada, hapa Bukavu. Alikwenda Bunyakiri na vijiji vya kule, akawauliza watu nyumba zao zilichomwa lini na nani alikufa ndani yake, kisha akarudi ofisini kuandika lengo kuu, malengo madogo, na alama za kuonyesha kwamba lengo limefikiwa. Ugonjwa huo aliuleta mpaka nyumbani. Wiki ya kwanza ya ndoa aliniuliza lengo langu la miaka mitano ni nini. Nikamwambia ni kula na kulala. Alicheka, lakini nilimwona bado anasubiri jibu.

Kisha pesa za wafadhili zikakauka, na kabla hatujazoea hilo, mji nao ukabadilisha watawala. ONG ikafunga milango. Wakubwa wake walivuka mpaka mapema, wadogo wakabaki na sisi wengine. Siku hizi Bukavu hatuulizi bunduki ni ya nani, tunauliza imeelekea wapi. Asubuhi moja watu wenye bunduki walimchukua Marcellin, aliyekuwa akikaa meza moja na Honoré kazini. Walisema wana maswali mawili tu ya kumuuliza, na hajarudi mpaka leo. Mke wake alipopita kwetu kutupa habari, alituambia swali la kwanza, walilomuuliza mbele yake: walitaka majina ya wote waliokwenda Bunyakiri kuandika maneno ya watu. Honoré ndiye aliyeongoza safari hizo zote.

Mtu atauliza kwa nini hatukukimbia. Swali hilo huulizwa na watu wasio na parcelle, kiwanja chao wenyewe. Hapa ukiacha nyumba yako wiki mbili, ukirudi unamkuta mwingine ameanika nguo kwenye kamba yako, naye ndiye anakuuliza unatafuta nani. Tena tulikuwa na mama yake Honoré, M'Bulonza, aliyekuja kwetu kutoka Mudaka baada ya mashamba ya kule kuwa hayalimiki kwa hofu. Alikwisha kukimbia mara moja uzeeni na akasema hakimbii ya pili. Watoto Mungu hakutupa. Tulikuwa watatu, na wawili kati yetu, mama na mwanawe, hawakukubali kuondoka.

Basi Honoré akatoka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya ukuta, akakaa hapo muda mrefu mikono kiunoni. Nikajua tumepata lengo.

Nyumba yetu iko Bagira. Mbele kuna lango moja, na nyuma kuna ukuta wa matofali aliojenga baba yake, mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono, juu umepandwa vigae vya chupa. Ng'ambo ya ukuta ni migomba na maharage ya jirani yetu Papa Ezéchiel, yanateremka mpaka kwenye njia ya miguu. Honoré alinieleza kwa sauti ile ya mkutano. Wakija wataingia kwa lango, kwa hiyo sisi lazima tujue kutoka kwa ukuta. Nikamwuliza kwa nini asinunue ngazi. Alisema ngazi ikiegemea ukutani kila siku majirani watauliza, na siku ukiipanda inabaki pale kuwaonyesha wenye bunduki ulikopita na kuwapandisha na wao. Mikono haiachi alama. Lengo kuu, akasema, ni hili: ifikapo Pasaka ya mwaka ujao, Olive, yaani mimi, apite juu ya ukuta kwa mikono yake mwenyewe, bila kusukumwa.

Nilitazama mikono yangu. Mimi ni katibu katika ofisi ya parokia. Mikono yangu ilikuwa imezoea kugonga muhuri kwenye vyeti vya ubatizo, na mwili niliokuwa nao ulihitaji kiti kipana. Kwake yeye ilikuwa rahisi kusema. Ujanani alifanya gymnastique, mazoezi ya viungo, chuoni kwa mafrère, wale watawa walimu, na akiwa na miaka arobaini na saba bado aliweza kusimama kwa mikono uani, miguu juu, shati likimfunika uso, huku mama yake akimwambia ataangusha akili.

Alichimbia nguzo mbili za mkaratusi nyuma ya nyumba, akafunga juu yake bomba la chuma, urefu sawasawa na ule wa ukuta. Kisha akanionyesha. Aliruka akalishika, akajivuta mpaka kifua kikagusa chuma, akageuza viwiko juu, akanyoosha mikono, na tumbo likawa juu ya bomba. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Ile kugeuza viwiko aliiita passage, na akasema hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu kujivuta ni nguvu moja na kujisukuma ni nguvu nyingine, na katikati kuna mahali ambapo mtu hana hata moja. Nilimwambia mahali hapo napafahamu, ndipo tunapoishi.

Mpango wake ulinitia hasira kwa sababu ulikuwa mrefu. Miezi ya kwanza ni kuning'inia tu, vidole vijifunze kushika. Baadaye kushuka polepole: napanda kigoda, naweka kidevu juu ya bomba, kisha najishusha taratibu, taratibu, mpaka mikono inyooke. Baada ya hapo ndiyo traction yenyewe, kujivuta toka chini. Passage baada ya Noeli, ukuta Pasaka. Nilimwuliza kama wenye bunduki nao wamepewa nakala ya mpango huo. Akanijibu kwamba misuli hujifunza haraka lakini kano za viwiko ni wazee, hazipelekwi mbio, na nikizilazimisha nitaumia na tutarudi mwanzo. Haraka haraka haina baraka, akasema. Methali hiyo bila shaka aliitunga mtu ambaye hajawahi kugongewa lango.

M'Bulonza naye alikuwa na neno lake. Maisha yake yote amebeba mizigo mgongoni kwa kamba ya kichwani, makaa, mihogo, mara moja hata mgonjwa. Shingo yake ni ya ng'ombe dume, lakini mikono ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemtegemea ukutani. Kilichomkera ni ukuta wenyewe. Huko kwao, alisema, mwenye lupango, ua na nyumba yake, hatoki kwake kwa kuruka lupango. Anayeruka ni mwizi. Mwenye nyumba anatoka kwa mlango, na kama kuna moto, anatoka wa mwisho, akiwa amehesabu watu wake. Mume wake alikuwa hivyo, na baba wa mume wake. Honoré alicheka akamwambia mama, hizo ni za zamani. Lakini mimi namjua mume wangu. Maneno ya mama yake yalikuwa yakimwingia kama maji kwenye unga.

Hata hivyo alimpa mama yake lengo lake. Siku wakigonga, M'Bulonza ndiye wa kwenda langoni, na kazi yake ni kutoupata ufunguo. Autafute kwenye pindo la kitenge, arudi jikoni, aulize ni nani, asisikie jibu, alalamikie macho. Bibi alilipenda jambo hilo kuliko alivyokubali kuonyesha. Alilifanyia mazoezi kwa wageni wa kweli, mpaka padre mmoja aliyekuja kutusalimu akasimama nje na mvua ikamwishia mwilini.

Ule ukuta Honoré aliutoa vigae. Alipanda asubuhi na nyundo, akavigonga kimoja kimoja juu ya gunia, kisha akasugua saruji kwa jiwe mpaka pakawa laini, nisije nikakata viganja siku ninajifunza. M'Bulonza alimwuliza anatoa miiba kwenye ua kwa ajili ya nani. Kwa Olive, akasema. Wezi nao wana mikono, mama yake akajibu, akaingia ndani.

Kwa majirani tulisema ni agizo la daktari. Nina tension, presha ya damu, lazima nining'inie. Uongo huo ulikubaliwa haraka kuliko ukweli wowote niliowahi kusema, maana Bukavu nzima ina tension. Kabla ya mwezi kwisha, Maman Francine wa shirika letu la kanisa alikuja na wenzake wawili nao waning'inie. Alishika bomba, akafumba macho, akaanza Salamu Maria kwa sauti, na kabla ya kufika "umejaa neema" alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, anacheka hata machozi. Honoré alimsahihisha namna ya kushika, kwa heshima yote, kidole gumba chini. Nilicheka siku ile. Nasema hivyo kwa sababu watu wanadhani mwaka ule tulilia tu.

Viganja vyangu vilichubuka, vikapona, vikachubuka, vikaota sugu. Nilianza kuona mfupa wa bega langu kwenye kioo, mahali ambapo tangu ujana palikuwa na nyama. Kushuka polepole nilikuchukia. Kila siku Honoré alisimama chini yangu, mikono yake karibu na kiuno changu bila kunigusa, akisema polepole, polepole, usijiachie, anayejua kushuka atajua kupanda. Nilipojiachia alijua hata kabla sijafika chini, na nilipanda tena kigoda.

Ugomvi wetu haukuwa juu ya mazoezi. Ulikuwa juu ya siku yenyewe. Nilimwuliza wazi: wakija leo, nani anatangulia ukutani? Alisema ni mimi. Nikamwambia hao hawanijui mimi, wanamtaka yeye, yeye anapita kwa pumzi moja na mimi nachukua asubuhi nzima, kwa hiyo aende, aniache na mama tuwapikie chai. Akakataa. Alisema kule Bunyakiri amesikia mara nyingi hadithi ya mume aliyekimbia na mke aliyebaki, na yaliyompata mke ili mume arudi. Hilo nililielewa. Lakini baada ya hapo akaongeza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeona haya, kwamba mwenye lupango anatoka wa mwisho, na hapo ndipo nilipokasirika. Kama angekuwa na sababu moja ningeivumilia. Mtu mwenye sababu mbili, moja ya akili na moja ya mama yake, humtoi. Kwa wiki nzima nilimpakulia bugali bila kusema neno, naye akala bila kusema neno, na kila asubuhi tulikutana chini ya bomba na kuendelea na kushuka polepole.

Mwezi wa kumi nilijivuta. Niliruka kutoka chini, nikashika, nikasikia mgongo wote unaitika, na kidevu changu kikapita juu ya chuma. Niliona paa la Papa Ezéchiel, na nyuma yake kipande cha ziwa. Nilipotua Honoré alikuwa akicheza peke yake uani, mikono juu. M'Bulonza alitoa kasiksi, pombe ya ndizi aliyokuwa ameificha, tukanywa saa nne za asubuhi. Tuko mbele ya mpango, alisema Honoré, na alilirudia neno hilo mpaka jioni, tuko mbele ya mpango, Olive. Tangu ofisi yake ifungwe sikuwa nimemwona na furaha ile. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa.

Walikuja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ya usiku imekwisha na jua limetoka. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafua mashuka. Hawakuvunja wala hawakupiga kelele. Waligonga kwa adabu kama wageni, lakini bila kuita jina, na hiyo ndiyo iliyonijulisha, kwa sababu wageni wetu hupiga hodi kwa jina.

Nilimsikia M'Bulonza akitoka ndani. Alisimama langoni akauliza ni nani. Akauliza tena. Akawaambia ufunguo hauonekani. Akarudi, kandambili zake zikiburuta kama za mtu wa miaka mia, akapita mbele ya dirisha la jikoni, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Alikuwa akifanya kazi yake.

Honoré alitokea kwenye pembe ya nyumba. Hakukimbia. Alionyesha ukuta kwa kidevu.

"Panda."

"Ni weye banatafuta," nikamwambia. "Haiko miye. Enda, Honoré. Enda sasa."

"Olive, panda."

Ningeweza kukaa chini. Nimelifikiria mara nyingi, kukaa chini kwenye maji ya sabuni na kukataa. Lakini namjua, angekaa na yeye. Kwa hiyo niliruka nikashika juu ya ukuta, na mikono yangu ikateleza kwa sabuni, nikaanguka. Katika mpango wote, miezi ile yote, hatukuwa tumefikiria sabuni. Alivuta shati lake kutoka kiunoni akanipangusa viganja, kimoja, kisha kingine, katikati ya vidole, kwa uangalifu, kama vile tuna siku nzima. Nikaokota mchanga nikausugua mikononi. Kule mbele M'Bulonza alikuwa akiwaambia watu wale kwamba macho yake ni mabaya, mutoto wake ndiye anajuaga fasi ya ufunguo.

Niliruka mara ya pili. Nilijivuta. Kidevu kikafika, kifua kikafika, na hapo nikakwama, kwenye passage, mahali pasipo nguvu yoyote, kwa kuwa passage ilikuwa ya baada ya Noeli. Nilisikia bega lake chini ya mguu wangu. Alinisukuma juu kwa mwili wake wote. Tumbo likapanda, nikageuka, nikaangukia upande wa pili katika maharage ya Papa Ezéchiel, na goti likagonga jiwe.

Lango letu lilifunguka. Sijui kama M'Bulonza aliupata ufunguo au waliuchukua. Nilisikia viatu, vingi, vikizunguka nyumba. Nikainua macho, na mikono ya Honoré ilikuwa juu ya ukuta.

Vidole vinane, na kucha zake nilizozikata mwenyewe Ijumaa. Vilikuwa pale ambapo alisugua saruji kwa jiwe. Nilisubiri kichwa chake. Kwake yeye hiyo ilikuwa pumzi moja, nilikuwa nimeiona mara nyingi. Vidole vikawa vyeupe, na kichwa hakikutokea, na nikaelewa kwamba wamemshika miguu. Mtu anaweza kujifunza kubeba uzito wake mwenyewe. Uzito wa wanaume wawili wanaokuning'inia miguuni hakuna anayejifunza.

Alikaa hivyo. Hawakumpiga risasi. Sauti moja, ya kijana, yenye adabu hata, ikasema: "Papa, shuka. Polepole."

Naye akashuka polepole. Nilikujua kushuka kule, nilikuwa nimekufanya kila asubuhi. Viganja vililegea kidogo, vidole vikabaki peke yake, vikanyooka, na hata hapo hakujiachia. Kisha mkono mmoja ukaondoka, halafu wa pili. Ukuta ukabaki mtupu.

Nilitaka kurudi. Upande ule ardhi iko chini zaidi na ukuta ni mrefu zaidi, niliruka na kuruka na sikuufikia. Papa Ezéchiel alitoka katika migomba yake, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye udongo, akanivuta mpaka ndani kwake.

Hawakuniulizia. Hilo ndilo M'Bulonza aliniambia niliporudishwa nyumbani jioni, na ameniapia kwa Bikira Maria kila nilipomwuliza tena. Walimchukua Honoré, wakamwambia mama yake samahani kwa usumbufu, wakaenda. Hawakuuliza kama ana mke, hawakutazama chumbani, hawakuona hata mashuka katika beseni. Nilikuwa ng'ambo ya ukuta, salama kabisa, kwa watu ambao hawakunitafuta. Nina hasira naye. Watu wanapokuja kunipa pole husema alikufa shujaa, na mimi nawafukuza, kwanza kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba amekufa, pili kwa kuwa sikuomba shujaa. Nilimwomba atangulie.

Nilizunguka kila mahali ambapo watu huzunguka. Nilikaa kwenye mabenchi na mke wa Marcellin, ambaye ni mwenyeji wa mabenchi hayo na anajua lipi lina jua asubuhi. Kila ofisi ilituambia mtu huyo hayuko kwao, na ilituambia kwa namna ya kutusikitikia. Nilirudi kazini parokiani, nikaendelea kugonga muhuri.

Siku moja kabla ya Noeli nilitoka nyuma nikalishika bomba. Sikuwa na sababu nzuri. Ni kwamba mikono ilikuwa imezoea, na saa ile ya asubuhi hakuna kitu kingine nyumbani kilichonijua. Baada ya Noeli nilianza passage, kwa kuwa ndivyo mpango ulivyosema. Nilikwama Januari yote na Februari yote. Hakuna aliyesimama chini yangu kuniambia polepole, isipokuwa M'Bulonza aliyekuwa akitoa kigoda chake, akichambua maharage, bila kunitazama. Jumatatu ya Pasaka nilipita juu ya ukuta kwa mikono yangu mwenyewe, bila kusukumwa. Lengo lilifikiwa kwa tarehe yake. Nilikaa pale juu, mguu mmoja kwetu na mwingine kwa Papa Ezéchiel, nikalia kwa sauti mpaka mbwa wakabweka.

Juma lililofuata wezi waliingia, kwa njia ile ile. Walibeba sufuria, redio, na mashuka. Papa Ezéchiel alikuja akiona uchungu kuliko sisi, na karai la saruji na ndoo ya chupa zilizovunjwa, akasema yeye mwenyewe atapanda avirudishe vigae siku hiyo hiyo. Ni mtu mwema. Nilikuwa naanza kumshukuru, M'Bulonza akaweka ungo wake chini, akasimama kati yake na ukuta. Mwanamke yule aliyesema anayeruka lupango ni mwizi, aliyelalamika juu ya miiba, alikuwa ametandaza mikono yake mikavu kama anazuia ng'ombe.

"Apana, Papa Ezéchiel," akasema. "Ule mutoto akirudia, hatapitia ku portail. Atakuya kwa kujificha. Muache ukuta vile iko."

Papa Ezéchiel alinitazama mimi, nami nikatazama chini. Akabeba ndoo yake akaenda.

Vigae havijarudi. Wezi wamekuja tena mara moja, hawakukuta kitu. Na mimi nimejiwekea lengo jipya, la miaka miwili, kwa kuwa nimekuwa mke wa mtu wa malengo muda mrefu mno. Nalala kifudifudi juu ya ukuta, nateremsha mkono mmoja upande wa Papa Ezéchiel, kule kwenye kimo kirefu, na navuta gunia la mchanga kwa kamba. Nilianza na gunia jepesi. Kila mwezi M'Bulonza anaongeza mchanga kwa kikombe, na hatuongei juu yake. Honoré alipoondoka alikuwa na kilo themanini na mbili. Waliowahi kutoka sehemu wanakofungia watu wanasema mtu hurudi na nusu ya uzito wake, na mikono yake haiwezi tena kushika kitu. Kwa hiyo kila mwezi unaopita mimi naongeza nguvu na yeye anapungua. Sasa nimefika kilo thelathini, na kano za viwiko sizipeleki mbio.